Nilichoambiwa Kabla Daktari Hajaingia

Nimestaafu mwezi uliopita. Wakalimani wenzangu wa kliniki ya wanawake Kakuma waliniaga kwa soda na keki, wakaniomba niwaandikie kazi hii ilivyokuwa kabla wao hawajaja. Sasa niko nyumbani Kataboi, upepo wa ziwa unataka kuzichukua hizi karatasi na nimezibana kwa jiwe. Sitaandika nilipandishwa cheo mara ngapi, maana hiyo ni hesabu fupi sana. Nitaandika habari ya wanawake na dawa zao za miti shamba. Katika kazi yote hiyo ndiyo sehemu iliyonifunza zaidi, na ndiyo niliyoikosea vibaya zaidi. Majina ya wagonjwa nimeyabadilisha.

Sikuajiriwa kuwa mkalimani. Niliajiriwa kupiga deki wodi ya wanawake katika hospitali moja ya Lodwar. Manesi wengi wakati ule walikuwa wametoka "Kenya", kama tunavyosema sisi huku tukimaanisha kila mahali kuanzia Kitale kwenda chini. Walikuwa watu wazuri, lakini Kiturkana chao kiliishia kwenye "ejok". Ukishamsalimia mgonjwa na yeye akakujibu ejok, yaani mzima, unabaki hujui amekuja hospitali kufanya nini.

Siku moja Sista Rodah, mkubwa wa wodi, alitoa kichwa mlangoni.

"Wewe mama wa mopu, unajua Kiturkana?"

"Najua, Sista."

"Na Kiswahili ndio hiki tunaongea. Acha ndoo, kuja."

Ndani alikuwemo mama mmoja mfugaji kutoka upande wa Kalemng'orok, shanga zimejaa shingoni, amekaa pembeni kabisa mwa kitanda kama mtu aliyeambiwa asikichafue. Nilipomuuliza nikajua alikuwa amesubiri siku nzima kuulizwa. Aliongea muda mrefu, akionyesha kiuno, akionyesha chini ya kitovu, akahesabu kwa vidole, akataja mbuzi, akataja mumewe, akarudi kwenye mbuzi. Alipomaliza nikamgeukia Sista.

"Anasema tumbo linamuuma."

Sista Rodah aliweka kalamu chini. "Hayo yote ni tumbo?"

"Ameongea pia mambo ya mbuzi."

"Mambo gani ya mbuzi?"

Ikabidi nimuulize upya. Kumbe yule mama alikuwa anatokwa na damu tangu mbuzi walipozaa. Mbuzi ndio waliokuwa kalenda yake. Walikuwa wamezaa kabla ya mvua, na mvua ilikuwa imeshapita, kwa hiyo mama wa watu alikuwa amemwaga damu miezi mitatu na zaidi. Tena alikuwa anakunywa utomvu wa echuchuka, ule mshubiri wetu mchungu, kila asubuhi ili damu ikauke. Mimi hayo yote nilikuwa nimeyafanya tumbo.

Jioni Sista aliniita ofisini kwake. Nilijua nafukuzwa. Badala yake alivuta viti viwili na kunionyesha namna ya kukaa. Mkalimani anakaa ubavuni mwa mgonjwa, nyuma kidogo, ili mgonjwa na daktari waonane macho. Haangalii mwili wa mtu. Mgonjwa akisema "mimi", mkalimani naye anasema "mimi", hasemi "anasema yeye". "Na kama ameongea dakika kumi," akasema, "usiniletee neno moja. Wewe sio nesi, na sio dada yake. Wewe ni mdomo."

Wiki hiyo hiyo niliingia kazini. Nilipotafsiri kwa sauti, "Natoka damu, nyumba ya uzazi inaniuma," wenzangu wa deki waliokuwa nje ya pazia walisikia, wakanichangia sabuni na sukari. Ilinichukua siku mbili kuwaeleza kwamba siumwi.

Kakuma nilihamia baada ya mume wangu kupata kazi ya kuendesha lori la maji. Kiarabu cha Juba nilikiokota sokoni kwa kununua sukari na kugombania mizani, na hakuna shule inayofundisha lugha haraka kama ugomvi. Kliniki moja ya wanawake ilipotafuta mtu wa Kiturkana na Kiarabu cha Juba, nilikwenda na barua ya Sista Rodah. Sikuwahi tena kushika mopu, ila chumba kikiwa kichafu mkono huniwasha mpaka leo.

Chumba chenyewe mnakijua. Kitanda cha kupimia, taa ya shingo ndefu, pazia la maua, meza yenye chombo cha chuma cha kufungulia njia na chupa ya siki. Siki ile iliwashangaza sana akina mama. Daktari anaipaka kwa pamba kwenye mlango wa kizazi, anasubiri kidogo, na mahali palipoanza kuharibika panageuka kuwa peupe. "Hiyo si ya kachumbari?" mama mmoja Mkongo aliniuliza. Nikamwambia ndiyo hiyo hiyo. Akasema basi hospitali nao wana miti shamba yao. Niliitafsiri, daktari akacheka mpaka akavua miwani.

Sehemu ngumu ilikuwa maneno. Wagonjwa wengi hawasemi "ukeni", wanasema "huko chini", au "njia ya mtoto", au wanaangalia mlango tu na wewe ujue. Uchafu unaotoka, muwasho, hedhi isiyokata, maumivu ya ndani ya ndoa, vyote hivyo vinaitwa "ugonjwa wa wanawake", kana kwamba ni mmoja. Na karibu kila mwenye ugonjwa wa wanawake alikuwa amejaribu kitu kabla ya kuja kwetu. Mwarobaini wa kujisafishia. Magome ya kuchemsha na chai. Moshi wa kukalia. Unga wa kuweka ndani. Walivipata kwa mama zao, kwa shangazi, kwa jirani, kwa wauza dawa wa sokoni. Wengi hawakuwa wajinga. Foleni yetu ilikuwa ndefu, shangazi hakuwa na foleni.

Tatizo ni kwamba walitunyima habari hiyo. Kabla ya Daktari Nekesa, yule aliyecheka, kulikuwa na tabibu mmoja mkali. Akisikia habari ya mizizi alisimama mlangoni na kuwahutubia wote waliokuwa kwenye benchi, huku mwenye mizizi akiwa bado amelala kitandani hana nguo. Ilitosha mara mbili tu. Habari zilifika kambi nzima na kijiji cha pili.

Daktari Nekesa alikuwa tofauti. Alikuwa kijana, mtu wa Bungoma, sauti ya chini. Lakini sura yake mpya haikuwa imefika kambini haraka kama sifa za yule mwingine. Ndipo akaja Abuk.

Abuk alikuwa mkimbizi wa Sudan Kusini, mama wa watoto wanne, na aliuza samaki wakavu waliotoka kwetu ziwani. Kwa sababu hiyo tulijuana. Nilipenda kumtania kwamba anawauza jamaa zangu. Asubuhi ile hakutaniwa. Alikaa kitini akiwa amebana mapaja, akijifuta jasho kwa ncha ya kitenge.

Bomba la chumbani lilikuwa halina maji, kwa hiyo Daktari Nekesa alitoka kwenda kunawa kwenye tangi la nje. Mlango ulipofungwa tu, Abuk aliniinamia.

"Mata kelim," akasema kwa Kiarabu cha Juba. Usiseme. "Niliweka dawa. Garadi na shabu. Nimefunga kwenye kitambaa, nimeweka ndani siku tisa. Jana nikaitoa, damu ikaja nayo."

Garadi ni maganda ya mgunga yanayosagwa, akina mama wa Sudan wanayajua vizuri. Shabu mnaijua, ni ile vinyozi wanapaka kidevu kikitoka damu. Nilimuuliza kwa nini.

"Uchafu na muwasho. Nilipewa vidonge mwanzoni mwa mwaka, nikapona. Mume wangu hakupewa. Ikarudi. Jirani akasema garadi inakausha kila kitu." Akashika mkono wangu. "Ukimwambia atanisema mbele ya watu. Wewe ni mama kama mimi. Usiseme."

Nikasikia hatua za daktari. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo, na kichwa hicho nimekibeba miaka mingi.

Daktari aliuliza maswali yake yote. Akafika pale: "Muulize kama ametumia dawa yoyote ya kienyeji."

Nilimuuliza. Abuk alinitazama mimi, hakumtazama daktari.

"La."

"Hapana," nikasema.

Kwa kanuni za kazi nilikuwa nimetafsiri sawasawa. Ukinipeleka kortini, nashinda.

Daktari alimpima nyuma ya pazia, mimi nikiwa nimesimama upande wa kichwa, kama kawaida. Chupa ya siki hakuigusa. Alipovua glovu alizungumza nami polepole, akipanga maneno.

"Kuna kidonda kikubwa. Nikigusa tu kinatoka damu. Sipendi kinavyoonekana. Mwambie inawezekana si kitu, lakini inawezekana pia ni saratani. Naandika aende Lodwar, wakate kipande kidogo kipimwe."

Nilikuwa nimeshaanza kutafuta njia ya kulifikisha jambo hilo. Kiturkana ningelizunguka, ningesema kidonda kisichopona. Lakini Kiarabu na Kiswahili neno hilo ni moja. Abuk alikuwa amelisikia mwenyewe kutoka mdomoni mwa daktari.

"Saratan?" akasema.

Nilimweleza yaliyobaki, kwamba si hakika, kwamba ni kipimo tu. Sidhani alinisikia. Alifunga kitenge, akachukua barua, akaondoka bila kuaga. Nami nilijiambia hivi: kipimo kikifanywa Lodwar ukweli utajulikana, siri ya mtu itabaki siri, hakuna atakayeumia. Nilinywa chai yangu ya saa nne kama siku nyingine.

Gari la kwenda Lodwar lilikuwa liondoke kesho yake. Abuk hakuja. Siku ya pili hakuja. Siku ya tatu nilikwenda sokoni, nikakuta meza yake ina mtu mwingine. Mwanamke aliyekuwa akiuza naye aliniambia bila hata kuinua macho kutoka kwenye samaki: "Abuk amegawa vitu. Watoto wakubwa anamwachia dada yake, wadogo anaondoka nao. Leo anakwenda kwao, Sudan Kusini, kwa mama yake. Ana ugonjwa wa kufa."

Nilirudi kliniki nikitembea haraka na nguo zimenishika mwilini. Daktari Nekesa alikuwa anaandika. Nilifunga mlango, nikamwambia yote: garadi, shabu, siku tisa, "mata kelim", kichwa changu, na kwamba Abuk anaondoka.

Hakunifokea. Ningependa angenifokea.

"Kwa hiyo," akasema, "nimemwambia mama ana saratani, na jibu lingine lilikuwa mdomoni mwako."

"Aliniomba."

"Najua alikuomba. Ile shabu inachoma, Mama Akai. Inachoma nyama. Kidonda cha namna ile kinaweza kuwa ni moto tu." Alikuwa ameshasimama. "Magari ya Lokichoggio, ya kwenda mpakani, yanaondokea wapi?"

Tulipanda boda boda moja, yeye katikati na mimi nyuma, koti lake jeupe likinipiga usoni. Lori lilikuwa bado linapakiwa. Abuk alikuwa ameketi juu ya gunia, mtoto mmoja mapajani, mwingine amelala begani mwake.

"Abuk, shuka kidogo tuongee," nikamwambia.

"Daktari ameshaongea."

"Nimemwambia habari ya garadi."

Alimvuta karibu mtoto wa mapajani. Kisha akasema, "Nilikuambia usiseme."

"Uliniambia."

"Nilikushika mkono nikakuambia."

"Anasema nini?" Daktari Nekesa akauliza.

Nikamtafsiria. "Ananiambia: Nilikuambia usiseme. Nilikushika mkono nikakuambia."

Watu wawili watatu walikuwa wamesogea kusikiliza. Daktari alikwenda mpaka chini ya lori, akaweka mkono kwenye ubao, akasema kwa sauti ile yake ya chini. "Mwambie hivi. Sikujua kuhusu dawa. Kidonda kinaweza kuwa kimetokana na dawa hiyo. Siwezi kuapa. Ila kabla hajaenda kufa kwao, anipe wiki sita."

Nilimwambia Abuk neno kwa neno.

"Na kama ni kufa kweli?"

"Basi utakuwa umechelewa wiki sita tu," daktari akajibu.

Nilisita. Sikuwahi kutafsiri kitu kama hicho. Lakini nilikuwa nimeshaona ninavyoharibu nikichagua maneno ya kupeleka, kwa hiyo nililipeleka lilivyo. Sikuona kicheko, ila kitu fulani kililegea usoni mwa Abuk. Akamshusha kwanza mtoto mdogo, akanipa mimi nimshike.

Kidonda kilipona. Garadi aliiacha, akapewa vidonge, safari hii na mumewe naye, baada ya daktari kumwita na mimi kumtafsiria mambo ambayo sikuwahi kufikiri nitamwambia mume wa mtu. Baada ya wiki sita Daktari Nekesa alimpima tena. Sasa nyama ilikuwa nzima, siki ikaweza kupakwa. Tulisubiri. Nikasikia nyuma ya pazia daktari anavuta pumzi.

Palikuwa na doa jeupe, dogo. Halikuwa la garadi wala la shabu. Lilikuwa ule mwanzo wenyewe tunaoutafuta kila siku kwa chupa ya siki, ambao ukiachwa miaka unakuwa saratani kweli. Doa hilo liligandishwa siku hiyo hiyo kwa ile mashine ya mtungi wa gesi. Likaisha. Alipimwa tena mwaka uliofuata na hapakuwa na kitu.

Siku ile ya kugandishwa Abuk alikuwa na maoni yake. "Nisingeweka garadi," akasema akivaa viatu, "nisingetoka damu. Nisingetoka damu, nisingekuja. Garadi ndiyo iliyonileta."

Nilitafsiri. Daktari Nekesa akainamia kadi, akaandika tarehe ya kurudi.

Aliporudi mara nyingine aliomba mkalimani mwingine, binti wa Kisudani aliyekuwa ameanza kazi karibuni. Alinifuata mwenyewe nje kunieleza. "Si kwa ubaya. Wewe ni mtu mzuri. Lakini huwezi kukaa na neno." Sokoni tuliendelea kusalimiana, na samaki aliniuzia. Mambo yake ya ndani hakunipa tena, nami sikumlaumu.

Baada ya hapo nilibadilisha kazi yangu. Mgonjwa akiingia, kabla hajafungua mdomo na daktari akiwepo, nilimwambia: "Nikisikia neno hapa ndani, nitalisema. Usilotaka daktari ajue, usiniambie." Ilikuwa kweli na ilikuwa haki, na matokeo yake ni kwamba kwa wiki mbili wanawake wote wa Kakuma hawakuwa wametumia dawa yoyote ya kienyeji tangu kuzaliwa. Ikabidi tufikiri tena. Tuliacha kuuliza "umetumia miti shamba?" kwa sababu swali hilo kila mtu alijua jibu linalotakiwa. Daktari alianza kuuliza, "Nyumbani mmejaribu nini kwanza?" na mimi nilihakikisha ile "mmejaribu" inafika ikiwa na heshima yake. Jibu likija, yeye alijifunza kutokunja uso. Alijizoeza, nilimwona, kama mtu anayejizoeza kuimba.

Ndipo mafundo ya leso yakaanza kufunguliwa mezani. Tuliona magome, mizizi, unga mwekundu kwenye nailoni, majani tusiyoyajua. Mengine daktari aliyaacha, akasema haoni ubaya wake. Mengine aliomba yasitishwe kidogo, hasa kwa mwenye mimba. Mengi alisema waziwazi, "Hii siijui," na neno hilo liliwafanya wamwamini kuliko neno lolote nililowahi kumtafsiria. Nyinyi mnaobaki, ulizeni dawa inanywewa, inaoshewa, inafukizwa au inawekwa ndani, maana vilio vingi nilivyoviona vilitoka kwa hicho cha mwisho. Ulizeni imetumika siku ngapi. Na msicheke jina lake. Majina ya dawa za duka la hospitali nayo mkiyasema taratibu yanachekesha.

Sasa la kwangu mwenyewe, ambalo hakuna kati yenu anayelijua.

Mwaka na zaidi kabla ya kustaafu nilianza kuona damu, wakati hedhi ilikuwa imekwisha kitambo. Nilijua maana yake. Nilikuwa nimewaambia wanawake katika lugha tatu kwamba damu baada ya hedhi kukoma si ya kusubiri. Nikasubiri. Dada yangu mkubwa, Nakiru, anaishi hapa Kataboi na anajua mizizi. Nilipomnong'oneza, alikwenda mwenyewe kunichimbia mmoja. Jina lake sitaliandika, mtaenda kuuchimba. Niliuchemsha kwenye chai miezi minne. Damu ilipungua, au nilipenda kuona imepungua.

Hatimaye nilikwenda Lodwar, si Kakuma, ili nisionekane na watu ninaowahubiria. Nesi alikuwa msichana mpole, hakujua mimi ni nani. Nikiwa nimelala pale juu, miguu imeinuliwa, akaniuliza kama nimetumia dawa yoyote, ya hospitali au ya kienyeji.

"Hapana," nikasema.

Hapakuwa na mkalimani wa kumlaumu. Nililala nikitazama mabati na kujiuliza nimeogopa nini. Yule binti asingenifokea. Nikaona kwamba sikuwa najificha mimi, nilikuwa namficha Nakiru. Mtu mzima mwenye magoti mabovu alitembea juani kunichimbia ule mzizi, na kuutaja pale ilikuwa kama kumleta dada yangu akae kwenye kiti ahukumiwe na mtoto mwenye glovu. Miaka yote nilidhani wanawake wanaogopa kufokewa. Sikuwahi kufikiri kwamba wengine wanamlinda mtu.

"Nesi," nikasema. "Nimekunywa mzizi. Miezi minne. Nilipewa na dada yangu."

"Sawa, mama," akasema, akaandika.

Nilipigwa picha ya tumbo, nikatolewa kinyama kidogo ndani ya nyumba ya uzazi, kikapimwa. Hakikuwa kibaya. Damu ilikata.

Nilikuja Kataboi kumpa Nakiru habari. Alikuwa anapasua samaki kwa kukausha. Nilimweleza, akasikiliza bila kuacha kisu.

"Kwa hiyo mzizi haukukusaidia," akasema.

"Labda ulipunguza kidogo."

"Ndivyo unavyofanya. Mimi mwaka wa kwanza ulinisaidia sana. Siku hizi hausaidii."

"Mwaka wa kwanza wa nini?"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa jina lake. "Wa damu."

Nilimpeleka Lodwar wiki hiyo. Kiswahili chake ni cha kununulia chumvi, kwa hiyo nilivuta kiti, nikakaa ubavuni, nyuma kidogo. "Natoka damu," nikasema, "mwaka wa pili sasa." Nesi alishtuka. "Wewe tena?" Nikamwonyesha Nakiru kwa kidevu.

Yake ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi. Ilikuwa imeendelea, lakini haikuwa imefika mbali kiasi cha kukosa la kufanya. Alipelekwa Eldoret kuchomwa kwa mionzi, nami nilichukua likizo yangu yote nikaenda naye. Alikonda, aliichukia baridi, aligoma kula samaki wa bwawa akisema wana ladha ya tope. Alitaka nimtafsirie kila kilichosemwa na kila mtu, hata watu waliokuwa wakigombana kwenye korido. Tulirudi. Sasa anaenda kupimwa kila baada ya miezi mitatu, na mara mbili zote wamesema wanachokiona kinawaridhisha. Zaidi ya hapo hawajasema, nami sitaongeza.

Nilipostaafu nilikuja kuishi naye. Wanawake bado wanamjia kutaka mzizi, kutoka hapa na kutoka vijiji vya ufuoni, na mimi niliogopa siku ya kwanza kwamba tutagombana. Hajaacha kuchimba. Ila sasa kila anayekuja anaambiwa kwanza akaonyeshe kliniki, kisha arudi na kadi yenye muhuri. Nakiru hajui kusoma. Anaichukua kadi, anaigeuza, ananipa.

"Soma."

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja, kadi mkononi, muhuri upo, uso umetulia. Niliisoma kwa sauti kuanzia juu: jina, kijiji, uzito, tarehe, pepopunda, surua.

"Surua ni nini?" dada akauliza.

"Chanjo ya mtoto. Hii ni kadi ya mtoto wake."

Nakiru akamrudishia kadi yake, akaliegemeza ukutani jembe alilokuwa ameshalishika, akamwonyesha njia ya kwenda kliniki.